Mistari Iliyopigwa Pasi

Karatasi ililetwa saa nne asubuhi, siku ya tisa tangu mguu wa mke wa Dobi uvunjike. Aliyeileta alikuwa tarishi wa ofisi ya usafi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, na hakushuka hata kwenye pikipiki. Alisimama mlangoni pa duka la kufulia, akachomoa bahasha ya kaki kifuani, akasema, "Ya mgonjwa hiyo. Irudi kabla ya Ijumaa," akaondoka bila kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Watu wa namna hii husomea wapi, sijui, lakini shule yao haikosi wanafunzi.

Dobi aliisimamisha pasi, akajifuta jasho, akapita nyuma ya pazia. Huko ndiko kulikuwa nyumbani: chumba kimoja chenye vitanda viwili, kabati, na dirisha linalotazama barabara. Mkewe alikuwa amelala kitanda cha ukutani, mguu wa kushoto umefungwa plasta mpaka gotini, umewekwa juu ya mto. Mama yake Dobi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, na daftari lake mapajani.

"Soma kwa sauti," mkewe alisema.

"'Mimi niliyetajwa hapo juu,'" Dobi akasoma, "'nakiri kwa hiari yangu kwamba alfajiri ya tukio nilikuwa nikifagia barabara bila kuvaa kizibao cha kung'aa nilichopewa na ofisi, na kwamba ajali ilisababishwa na uzembe wangu mwenyewe.' Halafu kuna nafasi ya jina, na nafasi ya sahihi."

"Nisipotia?"

"Wanasema ukitia, nafasi yako inakungoja mpaka upone. Usipotia, Ijumaa mkataba umekwisha."

Mkewe alijiinua kwa viwiko. "Bila kuvaa? Mimi? Si wewe mwenyewe ulinifunga zipu, mume wangu, ukaniambia nimependeza?"

Dobi aliikunja karatasi kwa kufuata mkunjo wake wa kwanza, maana mikono yake haijui kukunja ovyo. "Tia sahihi, yaishe," alisema, akiitazama sakafu. "Mdomo wa bosi haushindwi. Ukipona unarudi kwenye ufagio wako, mambo yanaendelea."

"Yaendelee yapi?" mama yake akadakia kutoka dirishani. "Taa saba hazijawaka toka mwezi wa pili. Saba. Ninazo humu."

Akalipiga daftari kwa kiganja.

Mtaa mzima ulimwita Bibi Hesabu, na wengi walimwita hivyo kwa kumcheka. Kikongwe huyu alikuwa haamki kwa jogoo wala kwa kengele. Saa kumi alfajiri macho yake yako wazi, na kwa kuwa hakutaka kuwasumbua waliolala, alikaa dirishani. Siku moja alijiuliza swali dogo tu: madereva wangapi husimama mtu akitaka kuvuka kwenye zebra? Akaanza kuandika. Aligundua kwamba wenye magari mabovu husimama zaidi, pengine kwa sababu wamezoea kusimama. Aligundua kwamba wanaume wakivuka hutazama upande mmoja tu, na kwamba hakuna mtu, awe tajiri awe maskini, asiyekimbia hatua tatu za mwisho. Kisha barabara ikamwagwa lami mpya, zebra ikafunikwa, na hakuna aliyerudi kuichora. Taa nazo zikaanza kuzima moja moja. Bibi akaendelea kuandika. Hakuwa na lengo lolote; alitaka kujua, basi.

Na ukurasa wa siku ile ulikuwa na mstari mmoja tu. *Saa kumi na moja na dakika kumi. Gari moja dogo. Halikusimama. Aliyegongwa ni mkwe wangu.*

* * *

"Niletee kizibao changu," mke wa Dobi alisema mchana huo. "Kilirudi kutoka hospitali kwenye mfuko pamoja na viatu. Nitawapelekea wakione. Kina damu yangu, hicho. Watasema sikukivaa?"

"Kipo kwenye nguo za kufua," Dobi akajibu kutoka upande wa duka.

"Siku tisa? Suruali za watu unazitoa kwa siku mbili, kizibao changu siku tisa?"

Pasi ilisikika ikipita juu ya shati, ikirudi, ikipita tena pale pale. Shati gani hilo lenye ukaidi namna hiyo?

Bibi Hesabu alisimama, akashika magoti yake kwanza, kisha akaingia dukani. Alivijua vikapu vya mwanawe kimoja kimoja. Hakugusa kile cha kufua. Alikwenda kwenye kikapu cha nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akachimba mpaka chini kabisa, akarudi chumbani na kizibao cha rangi ya machungwa. Kilikuwa kimefuliwa. Kilikuwa kimekunjwa vizuri ajabu.

"Mama, kiache," Dobi alisema.

"Nataka kuona kitu kidogo tu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kila siku, na kila siku yalikuwa na gharama yake. Alifunga dirisha, akashusha pazia, akakitundika kizibao kwenye mpini wa baiskeli ya mwanawe iliyoegemezwa ukutani, akawasha tochi.

Kile kipande chekundu cha nyuma ya baiskeli kiliwaka mara moja. Mistari ya kizibao, ile mipana ya kijivu iliyopaswa kumeta kuliko kitu chochote, ilibaki imelala tu, butu kama gunia. Alisogeza tochi juu, akaisogeza chini. Hakuna.

"Kimekufa," Bibi alisema.

Mke wa Dobi alitazama mistari, akatazama ile mikunjo miwili mikali iliyoshuka kutoka mabegani mpaka kiunoni, iliyonyooka kama imepigwa rula. Mji mzima haukuwa na mfagiaji mwingine mwenye kizibao chenye mikunjo. Wenzake walikuwa wakimtania: Leo unakwenda kufagia au kufunga ndoa?

"Ulikipiga pasi," alisema.

Dobi alikuwa amesimama penye pazia. "Kila Jumapili," akajibu, sauti ikiwa chini. "Nilitaka utoke ukiwa nadhifu. Watu wanajua mumeo ni dobi. Watasemaje ukitoka umekunjamana?"

"Hapa kwenye kola," Bibi alisema, macho yakiwa karibu kabisa na kitambaa, "kuna kapicha ka pasi, kamekatwa msalaba."

"Nilikaona."

"Ulikaona!" mkewe akapaza sauti.

"Alama zile huwekwa kwa ajili ya watu wasiojua kupiga pasi!" Dobi alisema, na kwa sekunde moja fahari ya kazi ilimpanda hata katika aibu ile. "Miaka ishirini na mbili niko kwenye meza hii. Hariri nimepiga. Magauni ya maharusi nimepiga. Nikatishwe na kizibao?" Kisha fahari ikamtoka yote, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake. "Nilipokichukua hospitali, usiku ule nilikimulika. Ndipo nikajua. Nilikuua kwa mkono wangu, mke wangu. Ndiyo maana nasema tia sahihi. Ukikipeleka pale watakipima, na watajua."

Mkewe hakulia. Alicheka kwanza, kicheko kifupi kisicho na furaha, akakishika kizibao, akamtupia usoni.

"Yaani nimegongwa nikiwa nimependeza," alisema. "Ahsante, baba. Na siku tisa umeniacha nijiulize kama nilivuka vibaya. Siku tisa! Nimelala hapa nikihesabu hatua zangu, najiuliza nilikosea wapi, wewe uko hapo nje unapiga pasi suruali za watu."

"Nisamehe."

"Sijafika huko bado. Nitakapofika nitakuita." Alifuta uso kwa upande wa kiganja. "Kesho tunakwenda ofisini. Wote watatu. Na hicho kizibao utakibeba wewe."

"Nikaseme nini?"

"Wewe usiseme kitu. Umeshasema vya kutosha kwa pasi yako."

* * *

Ofisi ya usafi ilikuwa na ngazi kumi na sita, na Bibi Hesabu alizihesabu zote wakati mkwewe akizipanda kwa magongo, ngazi moja, pumzi mbili. Juu hapakuwa na mahali pa kukaa. Dobi, aliyelijua hilo kwa kuambiwa, alikuwa amebeba stuli ya dukani kichwani. Karani wa mapokezi akamwambia fanicha za nje haziruhusiwi.

"Basi mpe ya ndani," Dobi alisema.

"Za ndani ni za wafanyakazi."

"Na huyu ni nani?"

Karani akatazama plasta, akatazama kompyuta yake. "Huyu yuko kwenye uchunguzi," akasema. Wakasimama dakika arobaini. Stuli ilibaki kichwani mwa Dobi muda wote huo, kwa kuwa hata kuiweka chini kulikatazwa.

Msimamizi alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole na shati lililonyooshwa vibaya kwenye mikono. Dobi aliliona hilo kabla hajaona kingine chochote. Alimpokea mgonjwa kwa maneno matamu, pole mama, pole sana mama, huku akitandaza fomu mezani. Halafu akasukuma pedi ya wino mbele yake na kuifungua.

"Dole gumba hapa tu. Wala huna haja ya kujisumbua."

"Najua kuandika," mke wa Dobi alisema.

"Ah. Basi vizuri. Kalamu hii hapa."

"Nimesoma ulichoandika. Nimekuja tuandike vizuri." Akamwashiria mumewe, na Dobi akaweka kizibao juu ya meza. "Kwanza, nilikivaa. Hiyo ni damu yangu, haikutoka vizuri kwenye kola. Pili, kilikuwa hakimeti. Mume wangu alikipiga pasi, mistari ikafa. Andika."

Dobi alifumba macho. Msimamizi akatabasamu kwa mara ya kwanza kwa dhati kabisa, tabasamu la mtu aliyekuta mlango wazi akiwa amejiandaa kuuvunja.

"Kwa hiyo unakiri vifaa vya ofisi viliharibiwa nyumbani kwako."

"Nakiri kifua mbele. Hiyo ni yetu na tunaibeba. Sasa andika na zenu. Taa saba kwenye kipande changu cha barabara hazijawaka toka mwezi wa pili. Zebra ilifunikwa na lami, haikurudishwa. Mama, msomee."

Bibi Hesabu akafungua daftari, akavaa miwani, akaanza kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa: tarehe, saa, taa ngapi, magari mangapi yalisimama. Alifika ukurasa wa pili.

"Bibi, bibi," Msimamizi akamkatiza. "Taa si idara yetu. Taa ni watu wa umeme. Na michoro ya barabarani ni watu wa barabara. Sisi ni usafi."

"Na mguu?" mke wa Dobi akauliza. "Mguu ni idara ya nani?"

"Mama, fomu haina nafasi ya mambo hayo."

"Geuza nyuma. Nyuma ni kweupe."

Msimamizi akalichukua daftari kwa vidole viwili, akalipitisha macho haraka, akalirudisha upande wa kikongwe. "Hii ni burudani ya bibi huko dirishani," alisema kwa upole ule ule. "Serikali haiendeshwi kwa burudani. Mtatia sahihi, hamtii?"

Bibi Hesabu alilifunga daftari. Alikuwa amezoea kuchekwa na mtaa, lakini mtaa ulimcheka ukiwa unapita. Huyu alimcheka akiwa amekaa mbele yake. Mikono yake iliutafuta mfuko wa kulitia, ikaukosa mara mbili. Mkwewe aliiona mikono ile, na ndipo hasira yake, ambayo mpaka hapo alikuwa ameigawa nusu kwa mume na nusu kwa ofisi, ilipohamia mahali pamoja.

"Sitii," alisema. "Uongo wenu mkautie sahihi wenyewe."

"Basi kuanzia kesho kipande chako anapewa mwingine."

"Mpe. Lakini mwambie kwanza pana giza."

* * *

Jioni duka lilijaa wafagiaji. Waliongozwa na mama mmoja waliyemwita Kipaza, kwa sababu siri yake ya kitandani husikika mtaa wa pili. Ni yeye aliyepewa kile kipande.

"Nimepokea simu ya Msimamizi nikamwambia sawa bosi," Kipaza alisema. "Kisha nikajiuliza, sawa ya nini? Miguu yangu nayo ni miwili tu."

Walikuja na vizibao vyao. Bibi Hesabu, ambaye tangu ofisini alikuwa hajalitoa daftari mfukoni, aliombwa awashe tochi. Alisita, halafu udadisi ukamshinda kama kawaida. Wakavitundika vizibao kumi na kimoja kwenye kamba ya Dobi, wakazima taa. Vinne vilimeta. Saba vilikuwa butu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo saba kilichowahi kuona pasi. Vilichoka tu kwa kufuliwa. Ofisi ilitoa kimoja kwa kila mtu, na miaka mitatu imepita.

Dobi alivitazama kwa muda mrefu. Alishusha pumzi ndefu ambayo, nadhani, ilikuwa kifuani mwake siku kumi nzima.

"Usijidanganye," mkewe akamwambia gizani. "Cha kwangu ulikiua wewe."

"Najua."

"Vizuri. Alimradi unajua."

Wakakaa kupanga. Mmoja alitaka wagome. Kipaza akasema ukigoma unaambiwa mvivu, nafasi yako anapewa mwingine, na huyo mwingine naye atagongwa. Ni Dobi aliyesema, kwa woga, kwamba katika kazi yake kitu kinachoonekana mbali kuliko vyote ni shuka jeupe likiwa kwenye kamba. Hata gizani unaliona.

Bibi Hesabu akainuka bila kuulizwa, akafungua kabati. Akatoa shuka jeupe lililokuwa bado kwenye nailoni yake, ambalo kwa miaka sita alikuwa akiliweka kwa ajili ya siku ya wageni.

"Wageni wenyewe hawaji," alisema. "Lipige pasi. Hili linaruhusu."

* * *

Saa kumi na moja kasoro, wafagiaji wanne walilishika shuka pembe zote nne, wakasimama nalo katikati ya barabara, pale pale zebra ilipokuwa. Wengine wakafagia nyuma yake kama kawaida yao. Mke wa Dobi aliketi ukingoni kwenye stuli ya dukani, magongo mapajani, na safari hii hakuna karani aliyemkataza. Bibi Hesabu alikuwa kando yake na daftari, kwa mara ya kwanza akiwa nje ya dirisha lake.

Gari la kwanza lilipunguza mwendo kutoka mbali, likasimama. Dereva akatoa kichwa. "Kuna nini?"

"Watu," Kipaza akamjibu. "Kuna watu. Pita taratibu." Wakamfungulia njia kama pazia.

La pili likasimama. La tatu. Kisha pikipiki mbili, na magari mengine manne. Bibi alikuwa akiandika bila kuinua uso, na midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Wangapi, mama?"

"Tisa. Kati ya tisa." Akaipangusa miwani. "Daftari hili halijawahi kuona kitu kama hiki."

Saa kumi na moja na robo Kipaza alipiga simu, ingawa kwa sauti ile simu haikuwa na kazi kubwa. "Bosi, kipande hiki hakifagiliki. Njoo mwenyewe uone. Wala sikati simu, njoo." Kisha akawageukia wenzake, macho yakimwaka. "Akija, tulishushe shuka. Tukae gizani kama siku zote. Aonje."

Baadhi walicheka, na wawili wakaanza kulikunja.

"Hapana," mke wa Dobi alisema kutoka kwenye stuli. "Likae juu."

"Wewe! Baada ya yote aliyokufanyia?"

"Mkilishusha na asipoona, atakayegongwa ni nani? Yeye yuko ndani ya bati. Na hata akiwa yeye, mimi huu mguu simtakii mtu. Likae juu, na nyoosha upande huo, limelegea."

Wakalinyoosha. Dobi mwenyewe alitoka kando ya mkewe, akaenda kushika pembe ya mbele, ile iliyo karibu zaidi na magari, akasimama hapo miguu imepanuka. Mkewe alimwona akienda. Hakumwita arudi, lakini macho yake hayakumwacha tena.

Gari la Msimamizi lilikuja kwa kasi ya mtu aliyeamshwa. Taa zake zililikuta shuka, breki zikalia, gari likayumba, likasimama hatua chache tu kutoka kwenye magoti ya Dobi. Dobi hakuliachia shuka. Mlango ukafunguka, Msimamizi akatoka na malapa miguuni, shati halijafungwa vifungo, ule upole wote ameuacha kitandani.

"Mna wazimu?" alipiga kelele. "Ningewaua! Ningewaua wote! Mnasimamaje mahali kama hapa? Mtu hata kidole chake hakioni, taa hakuna, zebra hakuna, nyinyi mme—"

Sauti ya mwisho ilibaki imening'inia mdomoni mwake, na hakuna mfagiaji hata mmoja aliyemsaidia kuiteremsha. Nyuma yake magari mawili yalikuja, yakasimama.

"Kumi na moja na dakika thelathini na moja," Bibi Hesabu alisema, akiandika herufi kubwa kubwa ili asikosee. "'Taa hakuna. Zebra hakuna.' Hayo nimeyapata. Endelea, mwanangu, sitakukatiza."

Msimamizi alitazama shuka, akatazama wafagiaji, akatazama juu kwenye nguzo, taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anayeziona leo.

Mke wa Dobi aliweka magongo chini ya makwapa yake, akainuka. Mumewe alifanya kama anataka kuja kumshika. Alimtikisia kichwa, akaja mwenyewe, gongo moja, gongo la pili, mpaka ndani ya mwanga wa gari. Hakukimbia hatua tatu za mwisho. Alilichukua daftari kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, aliyekuwa amemfuata nyuma, akalifungua ukurasa ule, akaliweka juu ya boneti lenye joto, na kalamu juu yake.

"Tia sahihi hapa, bosi," alisema. "Au kama hujui kuandika, dole gumba."